Hedifoni za kuzuia kelele kwa 150,000 hapa Dodoma: ANC na ENC ni kitu kimoja?

BintiWaNkuhungu
Habari zenu wakuu. Nasoma chuo, na chumba changu kimepakana na mashine ya kusaga. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya useremala. Natafuta hedifoni za kuzuia kelele, bajeti haizidi 150,000. Madukani naonyeshwa maboksi yenye ENC na mengine ANC, muuzaji anasema ni yale yale. Ni kweli? Navaa miwani na hijabu, simu ni Android. Nikague nini kabla ya kulipa?

Mzee_wa_Spika
Si yale yale dada, na hapo ndipo wengi wanapopoteza hela. ENC inasafisha sauti yako inayoingia kwenye maiki, ili unayeongea naye asisikie kelele za kwako. Masikio yako hayafaidiki na chochote. Unayohitaji ni ANC: maiki inanasa kelele ya nje, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana sikioni yanafutana. Boksi likiwa na ENC peke yake, mrudishie.

Ila ujue mipaka yake. ANC inaweza mngurumo mzito usiobadilika, chini ya hetzi 1,000 hivi: mota ya kusagia, feni, jenereta, basi la Dar likiwa mwendoni. Nyundo, msumeno wa umeme na maongezi haiyawezi sana, kwa kuwa sauti kali na za kushtukiza huzuiwa na sponji linaloziba sikio. Kwa hiyo chukua zinazofunika sikio zima, zenye maiki nje na ndani ya kikombe. Boksini huandikwa Hybrid ANC. Soundcore Q20i ni ya daraja hilo, inakaa na chaji hadi saa 40 ANC ikiwa imewashwa. JBL Tune 770NC ni nzuri pia, lakini bei yake iko juu zaidi. Mashine utaisahau, seremala utaendelea kumsikia kwa mbali.

Kisasa_Sauti
Nakazia hapo kwenye sponji, kwa sababu ya miwani na hijabu. Sponji lisipogusa ngozi pande zote, mngurumo unapenya kwenye upenyo na ANC inapungua nguvu hata kama hedifoni ni za bei mbaya. Fremu yenye mikono myembamba inasaidia. Vaa hedifoni kwanza, hijabu ije juu yake bila kukaza. Ukisikia mkwaruzo, kitambaa kinasugua matundu ya maiki; kisogeze. Ukishindwa kabisa, nunua zile ndogo za kuingiza sikioni zenye ANC na ujaribu saizi zote za mipira yake. Saizi ndogo kuliko tundu la sikio inavujisha, utadhani ni mbovu.

Kukagua dukani: unganisha na simu yako, usicheze muziki. Simama karibu na feni, washa ANC, zima, washa tena. Mngurumo unapaswa kushuka papo hapo. Ukisikia mvumo wa "shhh" tu bila feni kupungua, ziache. Kwa Soundcore, pakua programu yake kabla hujatoka nyumbani. Za bandia mara nyingi hazitambuliki humo.

BintiWaNkuhungu
Asanteni sana. Na vumbi la huku je? Naweza pia kuongeza sauti ya muziki kumzidi seremala?

Mzee_wa_Spika
Usishindane naye kwa sauti, tafadhali. Kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, zinabaki saa 4 tu. Usikivu ukiharibika kwa kelele haurudi.

Vumbi likiziba maiki, upande mmoja unaanza kuvuma au kupiga mluzi. Elekeza matundu chini, tumia brashi laini kavu. Usichokoe kwa sindano, usipulize kwa mdomo, unyevu unaingia. Upepo wa kiangazi ukiwa mkali nje, zima ANC, maana maiki zinaunasa na unausikia kama ngurumo.

Fundi_AreaC
Moja la mwisho: zisipoingia chaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili (C kwa C), usikimbilie kwa fundi. Baadhi ya hedifoni za bei nafuu hazina rizista za kilo-omu 5.1 kwenye tundu la chaji, yaani vile vipande vidogo vinavyoijulisha chaja kuwa kuna kifaa, na chaja ya C isipoziona haitoi umeme. Tumia waya wa USB ya zamani kwenda C, na chaja ya kawaida ya volti 5.