Tupeane uzoefu: hedi ya printa ya picha ikiziba, wewe unaizibuaje?

Mwanzisha uzi, Mwanjelwa (Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Wenye studio na steshenari wa huku Nyanda za Juu Kusini, naomba tuelezane yaliyotukuta kwenye hedi za printa, yaani kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi. Naanza na langu.

Mwezi wa saba nilikuwa natoa picha, umeme ukakatika hedi ikiwa katikati ya njia. Kabla haujarudi, simu ikaingia kutoka Tukuyu: mama mkubwa amefariki. Nikazima swichi ya ukutani, nikafunga kibanda, nikaondoka. Nilidhani nitakaa siku nne, zikawa wiki tatu.

Nimerudi nakuta wanafunzi wa kidato cha tano wamejipanga barazani, wanataka pasipoti saizi za kwenda kuripotia shule. Picha ya kwanza ikatoka, binti wa watu uso umekuwa wa kijani kama anaumwa, na bluu ya nyuma yake imechanwa na mistari myeupe. Nikatoa nozo cheki, ile karatasi ya mistari ya kupima kama kila nozo (kitundu cha wino) inatoa. Nyeusi nzima, njano nzima, sayani (ile bluu) imekatika sehemu tatu, majenta hafifu (ile pinki nyepesi) hakuna hata mstari mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea. Watu wanangoja, mimi nabonyeza kusafisha hedi. Mstari unarudi kidogo, nabonyeza tena, unapotea. Nimebonyeza mara kumi na moja. Kumbe kila usafishaji unanyonya rangi zote sita, hata zile zisizo na tatizo, na wino wote huo unakwenda kumwagika kwenye sifongo za chini. Mwisho taa zikaanza kuwaka, sifongo za wino mchafu zimejaa, printa ikagoma kabisa. Wanafunzi nikawapeleka kwa jirani. Yule binti alikuwa na basi la kuwahi Songea, nilimwonea huruma sana.

Usiku nikafungua kifuniko na tochi. Mnajua kile kikombe cha mpira upande wa kulia, hedi inapoegeshwa? Ukizima printa kwa kitufe chake, hedi inarudi pale na kufunikwa ili nozo zisipigwe na hewa. Yangu ilikuwa imesimama katikati, wazi, wiki tatu, na huu upepo mkavu wa Mbeya wa kipindi cha baridi. Kikombe nacho kilikuwa na utando mgumu mweusi kama masizi ya sufuria.

Nilichofanya: nilidondoshea kikombe maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri, chondechonde isiwe maji makali), nikayaacha yalainishe, nikayafyonza na pamba ya kijiti hadi ikatoka safi. Nikakunja kitambaa kisichotoa nyuzi, nikakilowesha, nikakilaza kwenye njia ya hedi, nikaisogeza hedi kwa mkono taratibu hadi ikakaa juu yake. Nikalala. Asubuhi nikasafisha mara moja tu, sayani ikarudi yote. Fundi wa Kabwe akanibadilishia sifongo na kurudisha sifuri ile hesabu ya wino mchafu inayotunzwa na printa. Lakini majenta hafifu imebaki na pengo moja hadi leo. Kwenye pasipoti halionekani, kwenye A4 ya harusi linaonekana. Nani aliwahi kulitoa pengo la namna hii?

Mdau, Makambako

Pole kwa msiba mkuu. Mimi yangu haikuziba, ila niliitesa kana kwamba imeziba. Nilihama fremu, na printa yangu ni ya zamani, ina koki pembeni mwa matanki, unaifunga wakati wa kusafirisha ili wino usimwagike. Nimefika fremu mpya nimewasha, kurasa mbili tatu safi kabisa, kisha rangi zote zikaanza kufifia kwa pamoja. Nikasafisha, nikasafisha. Mipira inayoleta wino kwenye hedi ikaonekana ina hewa tupu, wino umekatika vipandevipande. Siku mbili nzima nahangaika, mtoto wa dada yangu, wa darasa la sita, ndiye aliyeuliza, "Mjomba, hiki kidude mbona kimeelekea chini?" Rangi zote sita zikififia siku moja, angalia koki kwanza. Uzibaji wa kweli haushiki zote kwa pamoja namna hiyo.

Dada wa steshenari, Mshindo (Iringa)

Kamwene wote. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu hedi niliiua mwenyewe. Nilinunua bomba la sindano na mpira mwembamba, nikachomeka kwenye kijibomba cha hedi cha njano, nikavuta maji ya uvuguvugu nikayasukuma. Yakagoma. Nikasukuma kwa nguvu ya kidole gumba chote. Nilisikia kitu kama "pwa" kidogo sana. Tangu pale njano inatoka imechanganyika na majenta, picha ya shamba la alizeti ikatoka rangi ya kutu. Fundi alinieleza kuwa ndani ya hedi kuna kuta nyembamba mno zinazotenganisha rangi, na tundu la nozo ni jembamba kuliko unywele. Nilikuwa nimepasua humo.

Hedi ya pili ilipokuja kuziba sikusukuma. Nilitoa ile pistoni ya bomba, nikaacha bomba limesimama wima juu ya kijibomba na maji kidogo ndani, yakashuka yenyewe. Mililita mbili zilichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Zilishuka, na hedi ipo hai.

Mdau, Uyole

Kila jioni kabla ya kufunga natoa picha moja ndogo yenye rangi zote, na kama sina kazi natoa vipande vya rangi sita kwenye karatasi ya kawaida. Nazima kwa kitufe, nasubiri hadi ikae kimya, ndipo nagusa swichi. Na nimeweka UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme kwa muda. Si ya kufanyia kazi, ni ya kuipa hedi nafasi ya kurudi kwenye kikombe umeme ukikatika.

Mdau, Mafinga

Huku adui ni vumbi la mbao. Nilisafisha hedi mwezi mzima, mistari inarudi, kesho yake imepotea. Siku moja nikatazama ule ulimi wa mpira unaofuta uso wa hedi, nikakuta umeota manyoya ya wino na unga wa mbao. Kila ulipopita ulikuwa unapaka uchafu badala ya kufuta. Niliufuta kwa kitambaa chenye maji, basi. Siku hizi printa inavishwa shuka safi usiku na karatasi haziachwi kwenye trei.

Wenye Canon ambazo hedi inatoka, kwenu kazi ni nyepesi: unaitoa, unailaza kwenye kisahani chenye maji ya uvuguvugu kina kama cha kucha, upande wa nozo chini, bila kulowesha sehemu za shaba za umeme. Ila kumbukeni aina hiyo inarusha wino kwa kuupasha moto, na wino wenyewe ndio unaoipoza. Msilazimishe kuprinti rangi ikiwa imekauka, itaungua. Epson hairushi kwa joto, ina kifuwele kinachojikunja kikipata umeme.

Mdau, Tunduma

Mimi ni wino. Majenta iliisha siku ya harusi mbili, nikanunua chupa yoyote iliyokuwepo, haikuwa ya aina ile. Nikaongezea juu ya ile iliyobaki. Siku ya tatu ndani ya mpira kukawa na vitu kama maziwa yaliyoganda. Hapo hakuna cha kusafisha hedi. Nilimwaga tanki lote, nikaosha mipira, wino mzuri nao ukaenda na maji.

Fundi, Njombe

Mwanzisha uzi, kabla hujafanya lolote toa nozo cheki mbili, uache saa moja katikati, uzilaze pamoja dirishani. Pengo likiwa mahali palepale kwenye karatasi zote, ni wino uliokauka. Likihamahama, ni hewa. Hewa haihitaji dawa, inahitaji printa ikae usiku kucha bila kuguswa, itapanda yenyewe.

Kama ni palepale, acha kusafisha. Tengeneza ukurasa wa pinki hafifu mtupu, uweke ubora wa juu, toa kurasa tatu, halafu lala. Rudia kesho. Ukurasa huo unatumia zaidi majenta hafifu, zile nozo za jirani zinapitisha wino na lile pengo linalowanishwa bila kumwaga rangi nyingine. Na spiriti ya famasi usiipeleke kwenye hedi, nimeletewa mbili zilizoharibiwa gundi yake ya ndani.

Mwanzisha uzi, Mwanjelwa

Ndaga fijo fundi. Pengo langu lilikuwa palepale. Usiku wa kwanza hakuna kitu. Wa pili pengo likageuka mstari mwembamba uliopinda, umeegemea mwenzake wa juu. Nikatamani sana kubonyeza kusafisha, nikajizuia. Asubuhi ya nne mstari umenyooka.

Jana nimetoa A4 ya harusi kwenye karatasi ya glosi, ya yule jirani aliyenipokelea wanafunzi. Nimeigeuzageuza juani: shela nyeupe, shavu la bibi harusi halina mstari hata mmoja. Hela yake sikuichukua.

Wa Mbozi na Ludewa bado hatujawasikia, karibuni.