Mtoa huduma wa intaneti anataka kuweka cheti chake kwenye kompyuta yangu: nikubali?

Mleta uzi: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Kampuni inayoniuzia intaneti inadai kwamba kwangu kunatoka barua taka, na kwamba nisipotaka kukatiwa huduma ni lazima nisakinishe programu yao ya usalama pamoja na cheti cha kidijitali (faili la kuthibitisha kwamba tovuti ni ya kweli) ambacho kivinjari kitatakiwa kukiamini. Naelewa kwamba virusi vya mteja mmoja huwadhuru wengine, lakini ninayemlipa anifikishie mawasiliano ana haki gani ya kuingia katika mashine ninamotunza kazi na siri zangu?

Mchangiaji 1: Mkuu, programu inaweza kujadiliwa, ila cheti usikikubali kabisa. Mwenye cheti cha mzizi, yaani kile kinachothibitisha vyeti vingine, kinachoaminiwa na kivinjari chako anaweza kujifanya benki yako, akayafungua mawasiliano yaliyosimbwa, akayasoma, kisha akayafunga upya bila wewe kuona onyo lolote. Mwaka 2019 watoa huduma wa Kazakhstan waliwataka wateja wasakinishe cheti cha serikali kwa hoja hiyohiyo ya usalama. Mwezi Agosti Mozilla, Google na Apple zikavifanya vivinjari vyao vikikatae, hata pale mtumiaji alipokuwa amekwisha kukisakinisha.

Mchangiaji 2: Kuzuia barua taka hakuhitaji kugusa kompyuta yako, kwani wanaweza kufunga poti namba 25, yaani njia ambayo barua pepe hupitishwa kwenda kwenye seva, upande wao, kama watoa huduma wengi wanavyofanya kwa wateja wa majumbani.

Mchangiaji 3: Mimi nawatetea kidogo: mashine inayoshambulia wengine wana haki ya kuitenga kwa muda. Hata hivyo, kwanza hakikisha kwamba ujumbe huo ni wao kweli, kwa kupiga namba iliyo kwenye mkataba na si iliyo kwenye ujumbe wenyewe. Kisha dai saa na aina ya tukio. Kwa kawaida wao huona anwani ya ruta tu (kifaa kinachogawa intaneti kwa vifaa vyote vya nyumbani), hivyo mkosaji anaweza kuwa kamera au runinga, na programu ya kwenye kompyuta haitasaidia lolote.

Mleta uzi: Nimepiga simu, ujumbe ni wao. Nimewaandikia kukataa cheti na kuomba ushahidi. Je, ndugu yangu aliyekwisha kukikubali afanyeje?

Mchangiaji 1: Akifute katika orodha ya vyeti ya mfumo endeshi, na pia ndani ya kivinjari cha Firefox, ambacho kina orodha yake chenyewe. Baada ya hapo abadilishe nywila zote, akianza na ya barua pepe.