Mvua ikigoma tunamlaumu mchoma mkaa, kwani bahari hatuioni?

Wadau habari zenu. Kila vuli ikikataa utasikia kiongozi kasimama mkutanoni, "mmemaliza miti ndo maana mvua haiji", na zigo lote anatwishwa mchoma mkaa. Mi nakataa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ilifeli Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, halafu mwishoni mwa 2023 watu wa huko huko wakasombwa na mafuriko. Hiyo miti iliota lini? Kilichogeuka ni bahari, La Nina (maji ya Pasifiki kupoa) iliondoka ikaja El Nino (maji hayo hayo kupata joto), na Bahari ya Hindi upande wetu ikawa na joto kuzidi upande wa Indonesia. Na El Nino hiyo hiyo iliyotuzamisha sisi ikawakausha Zambia, Malawi na Zimbabwe mwanzoni mwa 2024 mpaka wakatangaza janga la taifa.

— Mkuu umeongea nusu. Msitu wa Kongo unanyonya mvua alafu unairudisha hewani kama mvuke, ikanyeshe mbele huko. Fyeka ule msitu uone kama bahari pekee itakutosha. Unawapa watu kibali cha kukata miti.

— Mi mkulima, sijui hayo ya Indonesia. Mto wetu zamani ulikuwa unafika mpaka Septemba una maji, sasa hivi mvua ikipiga jioni unafurika, kesho kutwa mnavuka na ndala. Mvua naona ni ile ile ila maji hayakai, juu kule mlimani wamelima mpaka kwenye chemchem.

Mleta mada: Mkulima kaniweza, hapo kwenye maji kukaa sina ubishi, na Kongo nayo nakubali, msitu mkubwa vile sio sawa na vichaka vya kijijini. Ila angalieni Sahel, ule ukanda mkavu kusini mwa jangwa la Sahara. Ukame wa miaka ya 70 ulipowapiga, mwanasayansi Charney 1975 akasema mifugo ikimaliza nyasi ardhi inabaki nyeupe, inarudisha mwanga wa jua juu, mvua inapungua. Mfugaji akabebeshwa lawama miaka na miaka, baadae ikaja kuonekana joto la bahari ndo lilianza, ardhi tupu ikaongezea tu. Ndo hicho nachopinga, maskini kuhukumiwa kwanza alafu uchunguzi baadae.

— Na hiyo bahari inachemshwa na nani? Sio mkaa wa Chalinze.

— Naombeni jibu la shambani basi. Wakitabiri vuli chini ya wastani nipande mahindi au?

Mleta mada: Vuli utabiri wake una afadhali maana inafuata sana bahari, masika ndo kichwa ngumu. Mi ningeweka mtama sehemu kubwa, mahindi kidogo bondeni ya kuchoma.

— Mtama ndege wanamaliza wote mkuu, nani atakaa kuwinga?