Naombeni ushauri: jirani amejitambua kwenye hadithi yangu, nifanyeje na wahusika?

Binti_Tororo:
Habari zenu wakuu, poleni na kazi. Mimi niko Tororo, naandika hadithi za Kiswahili kwenye simu kama miaka mitatu sasa, natuma kwenye grupu la WhatsApp halafu wao wanasambaza. Wasomaji wananiambia wazi kabisa kuwa wahusika wangu ni wale wale, mama mpole, baba mlevi, tajiri ana kitambi, ukishaona tu anavyoingia unajua mwisho wake.

Basi nikaamua niangalie watu wa kweli. Nikaandika kuhusu mama mmoja anayekaanga chapati karibu na kwetu, nikabadilisha jina peke yake, mengine yote nikaacha, kovu la mkononi, mume aliyeenda Juba hakurudi, mpaka mkopo wa kikundi anaodaiwa. Hiyo ndo hadithi pekee waliyoisifu! Wiki iliyopita mtoto wake akamsomea. Hakunigombeza. Alinifungia chapati zangu kwenye kavera kama kawaida akaniambia, "Mwanangu, la mkopo nilikuambia wewe, sikuliambia soko."

Toka siku hiyo napita njia nyingine. Nikichukua watu nawaumiza, nikibuni wanakuwa makaratasi. Nisaidieni jamani.

Mwalimu_Busia:
Pole binti yangu. Kwanza kamuombe msamaha, hilo lisingoje ushauri wetu.

Shuleni tunafundisha wahusika bapa, wale wa sura moja tu kama wako, na wahusika duara, wenye sura nyingi kama watu wa kweli. Forster, Mwingereza aliyeandika juu ya mambo haya mwaka 1927, alisema kipimo cha mhusika duara ni kama anaweza kukushangaza na bado ukamwamini. Sasa jiulize, wasomaji wako walishangazwa na mkopo? Mikopo ya vikundi kila mtu anayo hapa. Mimi kilichonishika kwenye maelezo yako ni kwamba ameumia, halafu bado amekufungia chapati. Hicho hukukibuni, na hakina siri ya mtu ndani yake.

Kijana_Mbale:
Dada usijali bana, waandishi wote wanafanya hivyo, ukianza kuogopa kila jirani hutaandika kitu. Endelea tu kutuma.

Mwalimu_Busia:
@Kijana_Mbale hapana. Hata wakubwa liliwafika. Charles Dickens, mwandishi Mwingereza, alikuwa anatoa riwaya yake David Copperfield kipande kipande kila mwezi, 1849 mpaka 1850. Ndani yake kuna Miss Mowcher, mwanamke mbilikimo, na alipoingia mara ya kwanza alionekana mtu wa hila. Mwanamke mmoja wa kweli, mbilikimo pia, aliyekuwa akitibu miguu ya watu mtaa wa jirani na Dickens, akajitambua, akamwandikia kulalamika kuwa anaumizwa kwa umbo lake. Dickens alikiri kuwa baadhi ya mambo aliyatoa kwake, na Miss Mowcher aliporudi kwenye hadithi alirudi akiwa mtu mwema. Alibadilisha kitabu kikiwa katikati, wasomaji wanangoja! Wewe unashindwa kubadilisha kitu cha WhatsApp?

Dereva_Malaba:
Mimi si mwandishi ila nasoma sana, hapa kwenye foleni ya malori mtu unaweza kulala siku mbili, bila simu unaumwa kichwa. Niseme ninachokiona. Wale vijana wanaobadilisha pesa mpakani, wenye mabunda mkononi, kuna mmoja akihesabu haangalii noti, anaangalia uso wako, vidole vinajua njia vyenyewe. Mimi nilikuwa nasema huyu kijana ni jeuri. Siku moja kaja mzee wa kwao na shilingi za Kenya chache, zimekunjwakunjwa, yule kijana akainama akahesabu moja moja pole pole kama mtoto wa primari, akitazama chini mpaka mwisho. Mtu yule yule! Kwa hiyo dada ukimwangalia mtu usimwangalie akiwa na wewe tu, ngoja aje mwingine anayemheshimu au anayemuogopa.

Nalongo_Kampala:
Nakubaliana na dereva, na niongeze masikio. Mwanangu, panda taksi, hizi matatu zetu, pale Old Taxi Park ukae karibu na konda. Huyo konda akiongea na nyanya mwenye ndizi anatumia Kiganda laini, "maama" kila neno, akiongea na mwenye tai anatafuta Kiingereza chake, na abiria akikataa kulipa ghafla kinatoka Kiswahili. Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu huku Kampala watu wengi walikizoea mdomoni mwa askari, mpaka leo wapo wakikisikia wanakaa sawa, japo katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005. Basi mhusika wako akibadili lugha katikati ya sentensi umeshatuambia anaogopa au anatisha, huna haja ya kuandika "alikuwa mkali".

Na usiandike mbele ya watu wala kuwarekodi. Rudi nyumbani, andika alichofanya, usiandike alivyo. Halafu changanya, mikono ya huyu, maneno ya yule, shida uipeleke kwa mtu wa tatu ambaye hayupo popote.

Binti_Tororo:
Asanteni sana, Mwalimu na Nalongo Mungu awabariki, na wewe dereva. Nilienda jana jioni, nilimkuta anapuliza sigiri, nikamuomba msamaha, na ile hadithi nimeiomba grupu waifute japo najua imeshafika mbali. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akanipa unga nikande.

Usiku nikajaribu. Deni limebaki ila limehama, kijana wa mpakani nimemfanya fundi cherehani:

"Ofwono akipima mteja hakutazama futi, alitazama uso. Lakini mwalimu wake wa zamani alipokuja kupimwa suruali, alipima kiuno mara tatu akiwa ameinama, na namba akaiandika kiganjani. Daftari alilikalia. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa madeni, na jina la mwalimu lilikuwa la kwanza."

Nalongo_Kampala:
Banange! Huyu simjui na nimemuona.

Dereva_Malaba:
Sasa mwalimu alijua kuwa amekalia daftari? Tuma iliyobaki dada, foleni haijasogea.