Dereva mmoja, IST na Noah: nizungushe zote mtandaoni, nimpe mtu moja, au tuuze?

Kipanga wa Goba (mleta mada)
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina IST yangu, kigari kidogo, nimeifunga gesi, ndiyo naingia nayo mtandaoni kila siku kubeba abiria wanaoita teksi kwa programu ya simu: Mwenge, Sinza, Mikocheni mpaka Masaki. Sasa mjomba amehamia Mwanza kikazi, kaniachia Noah yake, lile gari kubwa la familia, nimlipe kidogo kidogo. Inatumia petroli, injini iko vizuri. Naona njia tatu. Nizisajili zote kwenye akaunti yangu niwe nabadilisha kulingana na siku, Noah nimpe deiwaka, dereva wa kutwa, aniletee hesabu tuliyopatana kila siku, au nimwambie mjomba tuiuze tugawane. Moyo wangu uko kwenye ile ya kwanza. Aliyewahi kuwa na gari mbili aseme ukweli.

Suka wa Segerea
Inawezekana mkuu. Akaunti ni ya dereva, magari yanaongezwa chini yake. Unapakia kadi ya gari, bima na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya gari hilo hilo, wakilikubali linakaa kwenye orodha. Kabla hujawasha unachagua umeingia na lipi. Nyota wanazokupa abiria zinakufuata wewe, haziangalii gari.

Kinachowamaliza watu ni kusahau kubadilisha. Abiria kwenye simu anaona IST nyeupe, mbele yake inasimama Noah ya bluu. Mteja wa usiku pale Masaki, tena dada yuko peke yake, hapandi hiyo. Anapiga picha namba anaripoti, na akaunti inaweza kufungwa hata hujajieleza.

Chalii wa Tabata
Uza. Noah na petroli hii? Uza.

Mama Wawili Tegeta
Kusajili siyo shida. Shida ni nani anaendesha lile lililobaki nyumbani. Una makalio mawili tu mwanangu, na yote yanakaa kiti kimoja. Bima, leseni na betri havisubiri gari litoke, vinakula hela likiwa limelala uani.

Mimi ninazo mbili na siendeshi hata moja, ziko kwa vijana. Moja deiwaka, moja mkataba. Ya deiwaka naletewa hesabu jioni, lakini bushi, breki na matairi ni mimi. Ya mkataba kijana anafanya servisi mwenyewe, maana anajua akimaliza kunilipa gari ni lake, na tofauti unaiona hata kwenye usafi wa viti. Ila kwako mkataba usahau kwanza. Utamwandikia mtu mkataba wa gari ambalo kadi ina jina la mjomba wako?

Fundi Gesi Ubungo
Mnajadili hesabu, mmesahau buti. Nafunga hii mifumo kila siku, najua mtungi unakaa wapi kwenye IST. Nenda Stesheni treni ya SGR ikishusha watu wa Dodoma, au Terminal 3 uwanja wa ndege, au stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri. Familia ya watu watano, mabegi makubwa, boksi la zabibu limefungwa kamba. Wa IST ya gesi anafungua buti, abiria anaona mtungi, anakuangalia usoni, anafuta ombi. Hapo Noah ina kazi yake.

Lakini kwenye foleni ya Mwenge kwenda Ubungo, injini ya lita 2 na AC imewashwa, huku IST ya 1.3 inapita na gesi, utalia. Na usiseme utaifunga gesi na Noah. Mtungi ukiuweka nyuma umekula nafasi ile ile ya mizigo uliyoitegemea.

Suka wa Segerea
Fundi kamaliza. Naongeza hili: angalia programu yako inaiweka Noah kundi gani. Ikilipwa nauli ile ile ya IST, kila safari ya mjini unamchangia abiria mafuta. Na LATRA ilipolegeza kamisheni, ile wanayokata wenye programu, Januari 2023, kikomo kilitoka asilimia 15 hadi 25. Nauli ya 10,000 inaweza kukatwa 2,500 kabla hujaingia sheli.

Konda Mstaafu
Kipanga, leseni yako ya udereva ni daraja gani? C3 ni ya abiria wasiozidi wanne. Ukijaza Noah inabidi uwe na C2. Trafiki wakikushika ni faini, na ukipata ajali bima ndiyo watakuuliza daraja kabla ya yote. Halafu hiyo bima ya mjomba ni ya gari binafsi. Ukibeba abiria wa kulipa kwa bima ya binafsi ni sawa na kutembea bila bima, siku ya kudai hawakulipi.

Kipanga wa Goba
Nina C3. Aisee hilo la daraja sikulifikiria. Kwa hiyo Mama, nikimpa deiwaka atumie akaunti yangu wakati mimi nimelala?

Mama Wawili Tegeta
Hapana! Akaunti ni sura yako na jina lako. Akimtukana mteja umetukana wewe. Aisajili Noah kwenye akaunti yake. Na kama anajua kazi, mtandao uwe wa kujazia tu. Noah inalipa kwa wateja wa kudumu: wanafunzi asubuhi, watu wa harusi wikiendi, uwanja wa ndege kwa miadi. Huko kamisheni hakuna, bei mnapatana wenyewe.

Chalii wa Tabata
Bado nasema uza.

Kipanga wa Goba
Chalii nimekusikia. Nampigia mjomba leo, nabadilisha bima kwanza, IST nabaki nayo mwenyewe. Mwenye kumjua kijana wa Kimara au Mbezi, ana C2 na akaunti yake haina matatizo, anitumie ujumbe. Awe na mdhamini anayejulikana mtaani.

Mama Wawili Tegeta
Siku ya kumkabidhi ufunguo, piga picha kilomita, geji ya mafuta, spea, jeki na matairi yote manne, yeye akiwa amesimama pembeni. Na hesabu apokee mtu mmoja, leo wewe kesho mkeo haifai.

Fundi Gesi Ubungo
Upige picha na betri, namba yake isomeke.