Naomba ushauri: vitovu vya makundi niliyoyarekebisha kwa mkono

Wakuu, habari za kazi. Nina visima 184. Kila kimoja nimekipima kina, chumvi na umbali kutoka mtoni. Nilisawazisha vipimo kwanza, ili namba kubwa za chumvi zisimeze zile za kina, kisha nikavigawa makundi manne kwa kmeans (njia inayokusanya vinavyofanana, kila kundi likiwa na kitovu, yaani wastani wake) ndani ya R, programu ya takwimu.

Tatizo ni kundi la 2. Visima vyake tisa kati ya kumi viko ng'ambo ya mto, kwenye mwamba tofauti kabisa. Kompyuta haijui hilo, mimi nimefika kwa miguu. Nikavihamishia kundi la 3. Nikiangalia centers, sehemu ya matokeo ya kmeans yenye vitovu, ni vilevile vya mwanzo. Nikatumia aggregate (amri ya R ya kukokotoa kwa kila kundi) kupata wastani upya, ila kwa data ghafi, isiyosawazishwa. Sasa vipya viko kwenye vipimo halisi, kama mita, na vya zamani kwenye vipimo vilivyosawazishwa. Havilinganishiki.

Kundi la 2 limebaki na kisima kimoja, mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika) unatoa NA, yaani hakuna jibu. Hapo naelewa, fomula hugawanya kwa n (idadi ya visima) kutoa 1, na hapa ni sifuri. Je, nilifute kundi au niliripoti hivyo hivyo?

Pia kundi la 3 lina kisima kimoja cha chumvi kali mno, kinavuta wastani wote. Niripoti namba ya kati (median) badala ya wastani, au zote mbili?

Kuna aliyeniambia nirudie kmeans nikianzia na vitovu vipya. Naogopa itavirudisha visima vyangu kulekule. Aliyewahi kupita hapa anisaidie.