Ukarabati wa nyumba nzima huku tunaishi ndani: nawezaje kujilinda na wezi?

MamaWawili_Segerea
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi.

Nyumba yetu iko Tabata Segerea. Mwezi ujao tunatoa madirisha ya mbao tunaweka ya aluminiamu, dari inashushwa ije jipsamu, na nyaya za umeme zinafumuliwa zote. Mume wangu yuko kikazi Dodoma. Hapa niko na mama mkwe na watoto wawili, na mimi nashinda kazini Posta. Hatuna pa kuhamia.

Mafundi wote ni wageni kwangu na wataingia mpaka vyumbani. Mtaa wa pili kuna nyumba ilikuwa kwenye ukarabati, friji na magodoro vikabebwa mchana kweupe. Majirani waliliona guta linapakia, wakajua mwenyewe anahamisha vitu. Nifanyeje?

FundiAlumini_Goba
Dada, hii ndiyo kazi yangu. Usikubali madirisha yote yatolewe siku moja. Fundi aje apime, akatengeneze karakana kwake, na dirisha jipya lifike hapo likiwa kamili ndipo aguse la zamani. Anatoa asubuhi, jioni jipya limeshakaa. Chumba kimoja au viwili kwa siku, basi. Anayefumua nyumba nzima kwa mkupuo mara nyingi anawahi awamu ya pili ya malipo. Ukishampa anakimbilia kazi nyingine, wewe unabaki na matundu umeziba kwa turubai.

Grili zilizochimbiwa ukutani ziache zilivyo. Zilizofungwa kwa skrubu, angalia vichwa viko upande gani. Vikiwa nje, mtu anafungua kwa bisibisi taratibu wala hamtasikia kitu. Mchomeleaji avipige weldi, kazi ya muda mfupi tu.

Na siku ya kukabidhiwa, usiangalie kioo kinavyong'aa. Funga dirisha la kuslaidi, kisha jaribu kulinyanyua kwa mikono miwili ukiwa nje. Likipanda na kuchomoka kwenye reli, usilipokee. Inatakiwa skrubu au kizuizi kwenye reli ya juu ili lisinyanyuke.

MzeeWaKimara
Mwanangu, pole na majukumu. Kabla jembe halijagusa ukuta nenda serikali ya mtaa, mwone mwenyekiti, na mjumbe wako ajue kazi inaanza lini na nani anaisimamia. Kila fundi, pamoja na saidia fundi, akupe nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya simu, na umpige picha. Fundi mkuu akileta sura mpya akujulishe kabla haijaingia getini. Fundi mwaminifu hakasiriki akiombwa hayo.

Majirani nao waambie kwa maneno haya haya: hakuna kitu kinachotoka kwangu bila mimi kukupigia. Kirikuu na guta zitaingia na kutoka kila siku, hawawezi kujua lipi limeleta saruji na lipi limekuja kubeba friji. Wakiona wizi unaendelea wapige 112, na namba ya kituo chenu cha polisi iwe kwenye simu ya mama mkwe.

DadaWaMbagala
Funguo shosti! Kuchonga funguo ni dakika chache tu. Weka kitasa cha bei ndogo kipindi cha kazi, mafundi wakiondoka badilisha silinda.

Kijana_Ubungo
Mwambie fundi mmoja alale hapo hapo alinde vifaa. Sisi tulifanya hivyo.

MzeeWaKimara
Kwenye pagala sawa. Nyumba yenye mama mtu mzima na watoto sikubaliani nalo hata kidogo. Bora mlinzi wa usiku anayejulikana mtaani, akae nje ya mlango.

MamaWawili_Segerea
Shikamoo baba, nashukuru sana. Asanteni wote. Fundi umeme anasema taa za nje zitazimwa siku kadhaa. Hilo nalo limenichanganya.

UmemeMajumbani
Hakuna ulazima huo. Laini ya taa za nje aiache mwisho, afumue za ndani kwanza. Lakini usitegemee hiyo peke yake, nunua taa za sola zenye sensa, moja getini na nyingine nyuma ya nyumba. Na roli za nyaya zinunuliwe kwa kazi ya siku hiyo. Shaba inauzika haraka, ukilaza roli nje umemwita mwizi.

FundiAlumini_Goba
Kuna la dari nimelisahau. Dari ikishashuka, mtu akifungua bati anatua sebuleni moja kwa moja. Kwa hiyo teueni chumba kimoja kikamilike kwanza chote: dirisha, grili, dari, mlango wenye kitasa kizuri. Vitu vya thamani vyote viingie humo, na fundi asirudi tena humo. Ndipo mwendelee na vingine.

MamaWawili_Segerea
Chumba cha mama mkwe kina mlango wa mninga na kiko katikati ya nyumba, tutaanza na hicho. Asubuhi nitapita kwa mwenyekiti kabla ya kazini. Fundi madirisha nimeshampigia, amekubali kutoa viwili kwa siku, ila anataka aongezewe nauli ya kubebea mara nyingi.

FundiAlumini_Goba
Mwongeze, dada. Hapo ana haki.